Namna Seli Iliyo Katika Dhiki Inavyoiarifu Kinga ya Mwili

Hotuba iliyotolewa mjini Tanga mbele ya wanafunzi wa fani za afya, wauguzi na wananchi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wauguzi na matabibu mliotoka zamu mkaja moja kwa moja hapa bila kupita nyumbani, wanafunzi wetu, na ninyi wazee wa Ngamiani na Chumbageni ambao hamkuona shida kuitoa jioni yenu mje kusikiliza habari za vitu visivyoonekana kwa macho: asalaam alaikum, na wakubwa wote shikamooni.

Waandaaji waliniomba nizungumzie kinga ya mwili kwa jumla. Niliwaomba radhi, kwa sababu somo hilo haliishi kwa jioni moja, na badala yake nimechagua jambo moja tu ambalo naona halifundishwi vya kutosha. Jambo lenyewe ni hili: seli ya mwili wetu, ikishapatwa na dhiki, iwe ni joto kali, mionzi ya jua, virusi vilivyoingia ndani yake, au mwanzo wa saratani, huunda protini fulani ambazo kwa kawaida haizionyeshi, ikazipandisha juu ya utando wake wa nje, na seli za kinga zinazopita hapo huzigusa protini hizo na kujua kwamba kuna tatizo. Nitazungumzia protini hizo, zilivyogunduliwa, zinavyofanya kazi, na jinsi virusi na saratani zinavyojitahidi kuzificha.

Shuleni tulifundishwa kwamba kazi ya kinga ni kutofautisha mwenyeji na mgeni: kilicho cha mwili huachwa, kilichotoka nje hushambuliwa. Fundisho hilo si la uongo, lakini likiachwa peke yake linagonga ukuta haraka. Utumbo wetu umejaa bakteria wasio na idadi, nao ni wageni, lakini hawashambuliwi kila siku. Mtoto aliye tumboni hubeba nusu ya jeni za baba yake, na mama hamkatai. Saratani, kwa upande mwingine, ni mwenyeji halisi, seli ya mwili uleule yenye jeni zilezile isipokuwa zile chache zilizoharibika, na kama kinga ingetazama ugeni peke yake, saratani ingepita bila kuulizwa. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani, Polly Matzinger, aliandika hoja iliyowaudhi wengi wakati ule, kwamba kinachoiamsha kinga si ugeni bali ni hatari, na kwamba taarifa ya hatari hutoka kwenye tishu zenyewe zilizoumia. Wataalamu wameijadili hoja hiyo kwa miaka mingi na si wote wanaoikubali yote. Mimi binafsi naona kwamba katika suala la protini tunazozizungumzia leo, hoja hiyo imepata ushahidi ulio wazi kuliko mahali pengine popote.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika mtaa wowote wa mji huu watu hawatoki usiku na fimbo kwa sababu tu wameona sura wasiyoijua ikipita barabarani. Hutoka mbio wakisikia ukelele kutoka nyumba ya jirani wanayemjua tangu utoto. Anayepiga ukelele ni mwenyeji, na anayekwenda kutazama ni mwenyeji. Naomba mlishike hilo, kwa kuwa sitaurudia mfano huo. Kuanzia hapa nitazisema seli kama seli.

Habari yenyewe inaanza mbali kidogo na kinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Italia, mtafiti Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za tezi za mate za nzi wadogo wa matunda. Kifaa cha kutunzia tishu zake kilikuwa kimepandishwa joto bila yeye kukusudia, na alipotazama kwa hadubini aliona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, ishara kwamba jeni za mahali pale zilikuwa zimeanza kufanya kazi kwa nguvu. Aliichapisha habari hiyo mwaka 1962, baada ya jarida jingine kuikataa kwa madai kwamba haikuwa na umuhimu wa kibiolojia. Miaka zaidi ya kumi baadaye ikafahamika kwamba jeni zile zilikuwa zinaunda protini za msongo wa joto, ambazo kazi yake kubwa ni kuzishika protini nyingine zisikunjane vibaya wakati seli imezidiwa. Leo tunajua kwamba utaratibu huo upo kwa viumbe karibu wote, kuanzia bakteria hadi mkonge wa mashamba yetu na hadi binadamu.

Protini hizo za msongo hufanya kazi ndani ya seli. Ni huduma ya ndani, na kwa muda mrefu haikufikiriwa kwamba seli za kinga zingeweza kuwa na habari nayo. Mwaka 1994 kundi la Seiamak Bahram na Thomas Spies lilieleza familia mpya ya jeni kwenye kromosomu ya 6, katika eneo lilelile zilipo jeni za HLA ambazo hospitali huzipima kabla ya kupandikiza figo. Protini za jeni hizo ziliitwa MICA na MICB. Zinafanana na protini za HLA kwa umbo, lakini hazibebi vipande vya protini nyingine kama HLA zinavyofanya, na hilo liliwafanya watu wajiulize zina kazi gani. Mwaka 1996 ikaonekana kwamba MICA hupatikana kwenye seli za ukuta wa utumbo, na kwamba seli zikipashwa joto katika maabara kiwango chake hupanda, kwa kuwa mwanzoni mwa jeni hiyo kuna kipande cha DNA kinachofanana na vile vinavyowasha jeni za msongo wa joto. Kwa maneno mengine, mfumo ule alioukuta Ritossa kwa nzi ulikuwa na mlango wa kutokea nje ya seli. Mwaka 1999, huko Seattle, kundi hilohilo la Spies likishirikiana na wengine likaonyesha nani anayesoma ujumbe huo: ni kipokezi kinachoitwa NKG2D, kilichopo juu ya seli NK na juu ya aina kadhaa za seli T, ambazo zote ni seli za kinga.

Tangu hapo familia imeongezeka. Binadamu ana MICA, MICB, na kundi jingine la protini sita linaloitwa ULBP; panya wana protini zao zenye majina tofauti lakini kazi ileile. Zote hushikwa na kipokezi kimoja, NKG2D. Wanafunzi huniuliza kwa nini pawe na protini nyingi kiasi hicho na kipokezi kimoja, na nitalifikia jibu nitakapozungumzia virusi, kwa sababu nadhani jibu liko huko.

Niseme kidogo juu ya seli NK, kwa kuwa si wote hapa wamezisoma. Ni chembe nyeupe za damu za jamii ya limfosaiti, na katika damu ya mtu mzima huwa ni kati ya asilimia 5 na 15 ya limfosaiti zote. Zilielezwa mwaka 1975 na makundi ya Sweden na Marekani yaliyoshangaa kuona kwamba panya ambaye hajawahi kukutana na saratani fulani ana seli zinazoweza kuiua saratani hiyo papo hapo, bila mafunzo ya awali. Mwaka 1986 Klas Kärre na wenzake wa Stockholm walionyesha jambo la kwanza linaloziongoza: seli NK huvumilia seli yenye protini za HLA, na huishambulia ile iliyozipoteza, hata kama haina kosa jingine. Kwa hiyo ukosefu wa kitambulisho ni sababu ya kwanza ya kushambuliwa. Ugunduzi wa mwaka 1999 ulileta sababu ya pili, yaani kuwapo kwa kiashiria cha dhiki. Seli NK hupima pande zote mbili kwa wakati mmoja, vizuizi upande mmoja na vichochezi upande wa pili, na uamuzi wake hutokana na uzito wa pande hizo. Ndiyo maana seli yenye HLA kamili, yenye kila haki ya kuachwa, inaweza hata hivyo kuuawa endapo viashiria vya dhiki vilivyo juu yake vimezidi.

Sasa naomba tuitazame seli moja kwa karibu. Chukueni mvuvi wa Sahare aliyekaa ngalawani tangu alfajiri, na seli moja ya tabaka la juu la ngozi nyuma ya shingo yake, mahali ambapo kofia haifiki. Kufikia saa sita mchana miale ya urujuanimno imepenya ndani ya kiini cha seli hiyo, na mahali fulani kwenye uzi wa DNA herufi mbili zilizokaa jirani zimeungana zikawa kama fundo. Seli inapojaribu kuinakili DNA yake, mashine ya kunakili inafika kwenye fundo na kukwama. Kukwama huko kunatambuliwa na kimeng'enya kiitwacho ATR. Uzi ukikatika kabisa pande zote mbili, anayetambua ni ndugu yake, ATM. Vimeng'enya hivyo husimamisha mgawanyiko wa seli na kuita mafundi wa ukarabati, na mara nyingi shughuli inaishia hapo: fundo linakatwa, kipande kipya kinawekwa, na mvuvi hajui lolote. Lakini mwaka 2005 Stephan Gasser na David Raulet, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba taarifa ileile ya ATR na ATM huwasha pia jeni za protini zinazoshikwa na NKG2D. Seli iliyoharibika DNA, kwa hiyo, haifanyi ukarabati wa kimya tu. Inaunda pia viashiria, inavisafirisha hadi kwenye utando, na kuvisimamisha hapo vikitazama nje.

Seli NK au seli T ikipita na kugusana na seli hiyo, NKG2D hushika kiashiria, na ndani ya seli ya kinga protini ndogo iitwayo DAP10 hupokea taarifa na kuipeleka mbele. Kama vizuizi havitoshi kuirudisha nyuma, seli ya kinga hung'ang'ania pale pale, mifuko midogo iliyomo ndani yake husogea upande wa mguso, na yaliyomo humwagwa kwenye upenyo mwembamba kati ya seli hizo mbili. Perforini hutoboa utando, granzaimu huingia kupitia matundu, na seli iliyoharibika huanza kujivunja yenyewe kwa utaratibu, bila kupasuka ovyo na kuwaumiza majirani. Hapohapo seli ya kinga hutoa interferoni ya aina ya gama, ambayo huwaamsha wengine. Kazi yote hiyo huhusu seli moja, na jirani yake aliye salama haguswi.

Kwamba utaratibu huu una faida ya kweli, tunajua kutokana na panya. Panya walioondolewa kipokezi cha NKG2D hupata baadhi ya saratani kwa urahisi zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Kabla yake, mwaka 2001, ilionekana kwamba panya wasio na aina fulani ya seli T za ngozi, ambazo nazo hubeba NKG2D, hupata uvimbe wa ngozi zaidi wakipakwa kemikali zinazoleta saratani. Hapa kwetu kila muuguzi amewaona ndugu zetu wenye ualbino wakija na vidonda vya ngozi visivyopona. Kwao kinga ya kwanza, ile rangi ya ngozi inayoikinga DNA isipigwe na miale, haipo, hivyo mzigo wote unabaki kwa ukarabati na kwa utaratibu huu ninaouelezea, na mzigo huo ukizidi kila siku kwa miaka mingi, baadhi ya seli hupenya. Kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua yanafanya kazi mapema kuliko hatua yoyote niliyoitaja, na ndiyo maana nasikitika kila ninapoona mafuta hayo yakihesabiwa kuwa vipodozi.

Mtu makini atauliza: kama kiashiria kikipanda seli inauawa, je, hakiwezi kupanda kwa bahati mbaya? Swali hilo ni la haki. Seli nyingi zilizo salama hubeba nakala za ujumbe wa kuundia protini hizi, lakini protini zenyewe hazionekani juu au huonekana kidogo sana, kwa sababu zipo breki kadhaa njiani, nyingine zinazozuia ujumbe usisomwe na nyingine zinazoivunja protini ikishaundwa. Dhiki ndiyo inayolegeza breki hizo. Hata hivyo breki huweza kulegea pasipostahili. Katika ugonjwa wa siliaki, ambao mtu hudhurika kwa protini ya ngano iitwayo gluteni, seli za ukuta wa utumbo huonyesha MICA kwa wingi, na seli T zilizomo ndani ya ukuta huo, zenye NKG2D, huziua seli zisizo na saratani wala virusi. Katika baridi yabisi pia protini hizi zimeonekana ndani ya viungo vilivyovimba.

Niruhusuni hapa niseme neno la pembeni. Ukipita kwenye barabara zenye namba kule Ngamiani, au ukifungua simu yako, hukosi tangazo la dawa ya kuongeza kinga. Mgonjwa wa baridi yabisi hana upungufu wa kinga. Ana kinga inayofanya kazi mahali isipotakiwa. Kinga si maji ya ndoo kwamba yakijaa zaidi ni heri zaidi. Muuzaji anayedai kuongeza kinga aulizwe: anaongeza kipengele gani, kwenye tishu ipi, na anajuaje kwamba breki haitalegea?

Narudi kwenye viashiria. Ushahidi mkubwa kwamba vina maana ni juhudi wanayofanya maadui kuviondoa. Hakuna anayehangaika kuzima taa ambayo haimwoneshi. Kirusi kiitwacho sitomegalo, ambacho watu wazima walio wengi duniani wamekwisha kuambukizwa na hawajui, kina protini iitwayo UL16 ambayo hukamata MICB na baadhi ya ULBP ndani ya seli na kuzizuia zisifike juu. Jina la ULBP lenyewe limetokana na kushikana kwake na UL16. Kundi lililozielezea mwaka 2001 lilizipata kwa kufuata nyayo za kirusi. Zaidi ya hapo, kirusi hicho kina protini nyingine zinazoivunja MICA, na mwaka 2007 ikafahamika kwamba kina hata kipande kidogo cha RNA kinachozuia ujumbe wa MICB usisomwe. Ndipo ninapoona jibu la swali la wanafunzi. Kama binadamu angekuwa na kiashiria kimoja, kirusi kingehitaji ufunguo mmoja. Kuwa na viashiria vinane kunamlazimisha adui abebe funguo nyingi ndani ya jeni zake chache, na bado hana hakika.

Virusi vya UKIMWI vinaonyesha mvutano huo waziwazi zaidi. Protini yao moja, Vpr, huiamsha ATR, na kwa kufanya hivyo hupandisha ULBP juu ya seli iliyoambukizwa, jambo linalowadhuru wao wenyewe. Protini yao nyingine, Nef, hufanya kazi ya kuzishusha. Kirusi kilekile kinaiwasha dhiki kwa sababu kinafaidika nayo katika kuzaliana, kisha kinalazimika kufuta alama ilizoacha.

Kwa malaria, ambayo ni ugonjwa wetu, mambo ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo inastahili kutafakariwa. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini. Haina jeni za kuwasha, na haiwezi kuunda protini mpya, kwa hiyo haina namna ya kupandisha MICA wala ULBP hata ikiwa imejaa vimelea. Kimelea kimechagua nyumba ambayo haiwezi kupiga kelele. Na kwa kuwa kimelea chenyewe huweka protini zake juu ya chembe hiyo, baadhi ya protini hizo, ziitwazo RIFIN, ziligunduliwa mwaka 2017 kuwa hushika kizuizi kilichopo juu ya seli za kinga, zikiwemo seli NK, na kuzituliza. Hatua ya ini ni jambo jingine. Seli ya ini ina kiini kamili na inaweza kujibu, na katika majaribio ya panya imeonekana kwamba seli za ini zilizoingiwa na vimelea hutoa interferoni. Lakini kwa binadamu vimelea hukaa humo takribani wiki moja tu, katika seli chache mno, kabla ya kuhamia kwenye damu. Chanjo ya RTS,S, ambayo Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya majaribio yake makubwa katika nchi 7 za Afrika, imelengwa kwenye kimelea kabla hakijatoka kwenye ini, na kwa mtazamo ninaoueleza leo naona mahali hapo palichaguliwa kwa busara.

Nije kwenye saratani. Seli ya saratani hugawanyika haraka, DNA yake hukwama na kukatika mara kwa mara, na ATR na ATM hufanya kazi bila kupumzika. Inatarajiwa basi iwe imejaa viashiria, na saratani nyingi za utumbo, matiti, mapafu na figo zimekutwa nazo kweli. Mbona basi haziuawi zote? Mwaka 2002 kundi la Spies lilitoa jibu ambalo kwangu ni moja ya matokeo mazuri kabisa ya uwanja huu. Seli za saratani huikata MICA karibu na mzizi wake kwa vimeng'enya vinavyokata protini za juu ya utando, na kuimwaga kwenye damu. Hasara yake ni ya aina mbili. Kwanza, seli ya saratani inabaki bila alama. Pili, vipande vilivyomwagwa hushikana na NKG2D za seli za kinga zilizo mbali, na seli hizo huvivuta vipokezi vyao ndani na kuvivunja, hata zikifika kwenye uvimbe haziwezi kusoma kiashiria kilichosalia. Kwa wagonjwa wengi wa saratani, MICA iliyokatwa hupimika kwenye damu.

Wakunga waliopo hapa huenda wakavutiwa kujua kwamba kondo la nyuma hufanya jambo linalofanana na hilo. Hutoa viashiria hivyo ndani ya damu ya mama, na inaaminika kwamba kufanya hivyo huzituliza seli za kinga za mama zisimdhuru mtoto. Saratani, basi, haikubuni hila mpya, bali imeiba utaratibu halali wa ujauzito.

Matibabu tunayoyatumia tayari yanaugusa mfumo huu, hata pale ambapo hayakubuniwa kwa ajili yake. Mionzi na dawa nyingi za saratani huharibu DNA, na kwa sababu hiyo hupandisha viashiria juu ya seli zinazosalia. Ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wetu wanaokwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road huifahamu kwa rangi yake, doksorubisini, ina jambo la ziada. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba seli zinazokufa kwa dawa za jamii hiyo huipandisha juu ya utando protini iitwayo kalretikulini, ambayo kwa kawaida hukaa ndani kabisa ikisaidia kukunja protini. Ikiwa juu, huzialika seli za kinga zije kuila seli inayokufa, na zikishaila hujifunza kuitambua saratani hiyo. Dawa nyingine huua seli vilevile lakini kimyakimya, kalretikulini isipande, na kinga isijifunze lolote. Nadhani katika kuchagua dawa, tofauti kati ya vifo hivyo viwili itakuja kuwa na uzito kuliko ilivyo sasa.

Hatua inayofuata ni kuizuia saratani isikate MICA. Mwaka 2018 kundi la Kai Wucherpfennig huko Boston lilichapisha kazi juu ya kingamwili, yaani protini ya kinga, inayokaa mahali hasa ambapo vimeng'enya hukatia, sehemu ya protini iliyo karibu na utando. Panya waliopewa kingamwili hiyo walibaki na viashiria juu ya seli zao za saratani, na seli NK zikapunguza uvimbe. Mwaka 2022 kundi hilo likaeleza chanjo inayoufanya mwili wenyewe utengeneze kingamwili za namna hiyo, ikajaribiwa kwa panya na kwa nyani. Majaribio ya awali ya kingamwili za aina hiyo kwa binadamu yameanza, lakini hakuna anayepaswa kuondoka hapa akidhani dawa iko kwenye rafu ya duka la dawa.

Lipo suala moja ambalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Jeni ya MICA ni miongoni mwa jeni zinazotofautiana sana kati ya mtu na mtu. Sura zake zinazojulikana ni mamia. Tofauti ya kipande kimoja tu, kwenye nafasi ya 129 ya protini, hufanya kiashiria kishikwe na NKG2D kwa nguvu au kwa ulegevu. Sura nyingine, iliyo ya kawaida sana duniani, ina mkia uliokatika, na hivyo hukaa kwenye utando kwa namna tofauti na kuziponyoka baadhi ya mbinu za kirusi cha sitomegalo. Sehemu waliyoilenga watu wa Boston ni ile iliyo karibu na utando, ambayo haibadiliki sana kutoka mtu hadi mtu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa na matumaini kwamba kingamwili itafanya kazi kwa watu wa asili mbalimbali. Lakini matumaini si kipimo. Kabla dawa ya namna hiyo haijaletwa hapa, lazima ijulikane sura za MICA walizonazo watu wa pwani hii, ambao damu zao zimechanganyika kwa karne nyingi kutoka bara, visiwani, Uajemi na Arabuni, na kazi hiyo ya kupima haihitaji kusubiri dawa. Inahitaji sampuli za damu zilizotolewa kwa hiari, maabara yenye mashine ya kusoma jeni, na vijana waliofundishwa kuitumia, na baadhi yao nawaona wamekaa kwenye safu za nyuma.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti ameniambia tuna muda wa maswali kabla ya adhana, nami nitafurahi kuanza na wauguzi.